Kutia Nakshi kwenye Bapa la Upanga kwa Tindikali: Mwongozo kwa Anayeanza

Wahunzi wanaoanza huniuliza maswali matatu kuliko mengine yote: kama maji ya betri yanafaa kuchorea nakshi kwenye upanga, kwa nini rangi waliyoipaka ilibanduka kazi ikiwa nusu, na kwa nini bapa lilitoka kwenye dawa likiwa jekundu kama shaba. Jibu la swali la kwanza ni hapana. Mawili yaliyobaki yanahitaji maelezo marefu kidogo, na ndiyo maana nimeandika mwongozo huu, ili mtu anayeishika kazi hii kwa mara ya kwanza asije akaliharibu kwa kosa la dakika tano bapa alilolifua kwa siku kadhaa.

Njia yenyewe ni hii: unalifunika bapa kwa kinga isiyoliwa na tindikali, unaifungua kinga hiyo pale tu unapotaka nakshi, kisha unaiacha dawa ile chuma kilichofunuliwa. Ni njia ya zamani. Daniel Hopfer wa Augsburg, Ujerumani, aliyefariki mwaka 1536, alikuwa akipamba deraya za chuma kwa namna hii, na ujuzi huohuo akauhamishia kwenye uchapaji wa picha kwa kutumia bamba za chuma. Panga nyingi za maofisa wa Ulaya wa karne ya 19 zilitiwa nakshi kwa njia hiyohiyo. Anayetaka mfano wa karibu nasi atazame kaskara, yaani panga ndefu za Sudan, za mwishoni mwa karne ya 19, wakati nchi ilipotawaliwa na kiongozi wa dini aliyeitwa Mahdi na baadaye Khalifa wake, ambazo baadhi yake zimejazwa maandishi ya Kiarabu ya thuluthi, mtindo mmoja wa mwandiko wa mapambo, karibu bapa zima.

Mwongozo huu unahusu panga za chuma cha kawaida chenye kaboni, kama zile zinazofuliwa kutokana na springi za lori au tupa kuukuu. Chuma kisichoshika kutu kina tabia nyingine na sitakigusa hapa.

Dawa ipi itumike

Tumia feriki kloraidi, ile dawa ambayo mafundi wa elektroniki huitumia kuondolea shaba kwenye bodi za saketi, nayo hupatikana kwa wauzaji wa vipuri vya elektroniki na wa kemikali. Kwa hakika ni chumvi, lakini maji yake yana ukali wa tindikali. Sababu ya kuichagua ni kwamba inakula chuma polepole na kwa utulivu, bila kutoa mapovu mengi, hivyo kingo za mistari hubaki safi.

Maji ya betri, yaani tindikali ya salfa, hutoa mapovu ya hidrojeni yanapokula chuma. Mapovu hayo huinyanyua kinga kutoka chini yake, na hidrojeni yenyewe huweza kuingia ndani ya chuma kilichokazwa na kukifanya kiwe rahisi kuvunjika. Tindikali ya naitriki hutoa moshi wa kahawia wenye sumu kali inayoathiri mapafu, na haifai kabisa kwa mtu anayefanyia kazi uani kwake. Mimi nilianza na tindikali ya kusafishia vyoo, kwa kuwa ilikuwa rahisi na ilipatikana duka la jirani. Nakshi ilitoka ikiwa na kingo zilizoliwa kama nguo iliyoguguniwa na panya, na asubuhi yake nilipofungua mlango wa karakana nilikuta tupa zote, koleo, hata bawaba za mlango, zimevaa kutu ya rangi ya chungwa, kwa sababu mvuke wa ile tindikali ulikuwa umetua juu ya kila chuma usiku kucha. Tupa zile sikuziokoa.

Mahitaji kabla ya kuanza

Kusanya vitu vyote hivi mezani kwanza, kwa kuwa bapa likishasafishwa halitakusubiri uende dukani.

- Feriki kloraidi, ama ya maji iliyokwisha kuyeyushwa au ya mabonge yenye rangi ya njano na kahawia.
- Maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea kwenye betri. Hakikisha chupa ni ya maji matupu na si ya tindikali, kwa maana chupa hizo mara nyingi hukaa rafu moja.
- Msasa wa namba 220, 400 na 600, pamoja na kipande cha ubao bapa cha kuuzungushia.
- Asetoni, na vitambaa vya pamba visivyotoa nyuzi.
- Kinga: rangi ya kucha yenye rangi nzito, au nta ya nyuki, au stika ya plastiki.
- Sindano nene uliyoichonga ncha na kuipachika kwenye kijiti, pamoja na brashi ndogo.
- Chombo cha plastiki au cha kioo kinacholitosha bapa. Kwa upanga mrefu, bomba la plastiki la inchi 3 lililozibwa vizuri upande mmoja ndilo linalofaa. Bomba hilo likiwa na urefu wa sentimita 80 hubeba karibu lita 3 na nusu.
- Bekingi soda nusu kilo na ndoo mbili za maji safi.
- Miwani ya kukinga macho, glavu za mpira zinazofika juu ya kifundo cha mkono, na nguo ambayo hutaijutia, kwa kuwa doa la feriki kloraidi halitoki kwenye nguo.
- Unyoya mmoja mgumu wa kuku au wa bata. Matumizi yake nitayaeleza mbele.

Chombo kisiwe cha alumini hata kidogo. Feriki kloraidi huishambulia alumini kwa nguvu, ikachemka, ikatoa gesi na joto, na sufuria inaweza kutoboka mbele ya macho yako. Sufuria ya chuma kisichoshika kutu nayo hutobokatoboka, ijapokuwa kwa taratibu zaidi.

Fanyia kazi mahali penye hewa, mbali na watoto na mbali na moto, kwa sababu asetoni hushika moto upesi sana. Zima tanuri kwanza. Dawa ikikurukia machoni, osha kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 nzima kisha nenda hospitali. Usiichanganye kamwe dawa hii na dawa ya kung'arishia nguo, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini.

Hatua za kazi

1. Maliza kazi ya moto na ya tupa. Upanga uwe umekwisha kukazwa, kulegezwa kwa moto mdogo ili usivunjike, na kunyooshwa. Nakshi iliyochorwa kabla ya kukaza hupotea chini ya magamba meusi ya moto. Lakini usiutie makali bado, wala usiupachike mpini. Makali yatakukata wewe na kukata kinga, na mpini utaificha tindikali kwenye msuka, yaani ule mkia wa bapa unaoingia ndani ya mpini, ambako itaendelea kula chuma bila wewe kuiona hadi siku upanga utakapochomoka mkononi mwa mtu.

2. Lainisha bapa. Anza na msasa wa 220, endelea na 400, malizia na 600, ukisugua kwa mwelekeo mmoja wa urefu wa bapa na msasa ukiwa umezungushiwa ubao. Magamba ya moto yote lazima yatoke, kwa kuwa gamba lililobaki litazuia dawa mahali fulani na kuipitisha mahali pengine. Usiling'arishe bapa kama kioo, kwa sababu kinga hushika vizuri zaidi penye mikwaruzo midogo.

3. Chora nakshi karatasini kwa kipimo halisi. Pima upana wa bapa mahali ambapo nakshi itakaa, kisha acha milimita 4 au 5 kutoka kwenye makali, maana utakapokuja kunoa utakula sehemu hiyo. Mstari usiwe mwembamba kuliko nusu milimita, wala nafasi kati ya mistari miwili isipungue milimita 1. Tindikali haichimbi kwenda chini peke yake. Hula pia kwenda pembeni, chini ya kinga, na mistari iliyosongamana mwishowe huungana ikawa shimo moja. Anayetengeneza sime akumbuke kwamba bapa lake lina mgongo katikati, na kwa hiyo kila upande wa mgongo upewe nakshi yake, kwani mstari unaovuka mgongo huo huwa mgumu kuufungua sawasawa.

   Amua pia kama unataka mistari iliyochimbwa kwenye chuma kinachong'aa, au umbo linalong'aa lililoinuka kwenye uwanja uliochimbwa. Ya pili ndiyo iliyopendwa na mafundi wa Ujerumani wa zamani, ambao walidondoshea uwanja wote vitone vidogo vya kinga ili usitoke mtupu, na matokeo yake ni mazuri mno. Hata hivyo, uwanja mpana ni mgumu kuliwa sawasawa, kwa hiyo bapa lako la kwanza lifanye la mistari.

4. Ondoa mafuta. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, na mtu huja kuilaumu dawa. Osha bapa kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, ukisugua kwa brashi, kisha suuza. Sasa limiminie maji safi na utazame kwa makini. Maji yakienea kama utando mmoja unaofunika bapa lote, chuma ni safi. Yakijikunja na kuwa matone, au yakikimbia sehemu fulani na kuiacha kavu, pale pana mafuta, hata kama macho yako hayaoni kitu, nawe rudi kwenye sabuni. Rudia mpaka utando usikatike popote. Kausha mara moja, kisha pangusa kwa kitambaa chenye asetoni, ukigeuza upande safi wa kitambaa kila baada ya mapito mawili, la sivyo utakuwa unahamisha mafuta kutoka mahali hadi mahali.

   Kuanzia hapo usiliguse bapa kwa kidole kitupu. Nimewahi kuona alama ya kidole gumba, pamoja na mistari yake yote ya ngozi, ikitokeza katikati ya ua lililochorwa vizuri sana, kwa sababu fundi aliligusa bapa mara moja tu kabla ya kupaka rangi na kinga ikashindwa kushika mahali pale.

5. Paka kinga. Kwa rangi ya kucha, paka matabaka mawili membamba badala ya moja nene. Tabaka la kwanza likae saa 1, la pili likae usiku mzima. Rangi nene hukauka juu na kubaki laini ndani, na ukiichora hukunjamana na kuvuta vipande. Chagua nyekundu iliyoiva au nyeusi, ili uone wazi pale ulipofungua.

   Kwa nta ya nyuki, lipashe bapa joto taratibu hadi nta iyeyuke inapoligusa, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65 za Selsiasi, kisha ieneze kwa kitambaa iwe tabaka jembamba. Joto hilo ni dogo sana na haliwezi kuulegeza ugumu wa upanga. Mafundi wa zamani walichanganya nta na lami pamoja na utomvu mkavu wa msonobari, ili isiwe laini mno siku ya joto. Katika mji wenye joto kama Dar es Salaam au Mombasa, nta tupu hulainika mkononi mwezi wa pili, na mimi huko ningetumia rangi ya kucha.

   Funika kila mahali usipotaka paliwe: makali, ncha, mgongo, msuka na upande wa pili wa bapa. Watu hupaka mbele na kusahau nyuma.

6. Hamisha nakshi na uifungue. Weka karatasi ya kaboni juu ya kinga, juu yake mchoro wako, kisha pitisha kalamu bila kukandamiza. Baada ya hapo fungua mistari kwa sindano. Huna haja ya kukwaruza chuma. Unachotakiwa ni kuiondoa kinga yote mpaka chuma king'ae chini ya mstari. Shika sindano ikiwa imelala kidogo, ivute kuelekea kwako, na ufute vumbi la rangi kwa brashi laini, kamwe si kwa pumzi, kwa kuwa pumzi ina unyevu na mate.

   Walio na mafundi wa stika za magari karibu nao wanaweza kumpa fundi mchoro akaukata kwa mashine, kisha stika ikabandikwa bapani na sehemu za nakshi zikang'olewa. Njia hii hutoa kingo nzuri kwenye maandishi. Ikandamize kwa ukucha kila pembe, kisha ipitishie kifaa cha kukaushia nywele. Wapo pia wanaohamisha wino wa fotokopi kwa pasi ya moto kutoka kwenye karatasi ya kung'aa. Hapo kumbuka kwamba mchoro hugeuka, hivyo maandishi, ya Kilatini au ya Kiarabu, yachapwe kwanza yakiwa yamepinduliwa kama yanavyoonekana kwenye kioo. Jina la Mwenyezi Mungu au la mwenye upanga likitoka kinyumenyume, hakuna tiba isipokuwa msasa.

7. Kagua dhidi ya mwanga. Liinamishe bapa mbele ya dirisha na utafute vitundu. Kila kitundu kidogo kama ncha ya pini kitakuwa shimo kwenye chuma. Viziba kwa brashi ndogo na usubiri vikauke.

8. Tayarisha dawa. Feriki kloraidi ya maji iliyo nzito ichanganywe kipimo 1 cha dawa kwa vipimo 3 vya maji yaliyotoneshwa. Ya mabonge, weka gramu 200 hadi 250 kwa lita 1 ya maji. Dawa hutiwa kwenye maji kidogokidogo. Maji hayatiwi kwenye dawa. Iliyo unga mweusi usio na maji ndani yake hupandisha joto kali sana na kutoa mvuke unaokaba koo, kwa hiyo ukiipata hiyo, tia nusu kijiko kwa wakati mmoja, ukiwa nje, na upunguze kiasi kiwe gramu 120 hadi 150 kwa lita. Iache ipoe hadi joto la kawaida kabla ya kuitumia.

   Watu hudhani dawa nzito zaidi hufanya kazi upesi zaidi na vizuri zaidi. Kwa chuma, dawa iliyopunguzwa hula sawasawa na kuacha sakafu laini ya mstari, na subira ya nusu saa ya ziada haikugharimu kitu.

9. Jaribu kwenye kipande. Chukua kipande cha chuma kilekile ulichofulia upanga, kisafishe na ukipake kinga vilevile, kifungue mistari mitano, ukitumbukize. Kitoe kila baada ya dakika 10, ukifunika mstari mmoja kila mara kwa rangi ya kucha baada ya kukisuuza na kukikausha. Mwishoni utakuwa na mistari mitano yenye kina tofauti, na saa yake unaijua. Usiruke hatua hii, kwa sababu joto la siku, umri wa dawa na aina ya springi hubadilisha muda kwa kiasi kikubwa.

10. Tumbukiza bapa. Lining'inize kwa kamba ya nailoni, si kwa waya wa shaba, likiwa wima katikati ya bomba bila kugusa kuta. Kila baada ya dakika 3 hivi lipandishe na kulishusha taratibu, kwa kuwa dawa iliyokwisha kula chuma huwa nzito na huzama chini, na usipoikoroga ncha itabaki nyuma huku sehemu ya juu ikichimbwa zaidi. Kila dakika 10 litoe, lisuuze, na upitishe ukucha juu ya mstari mmoja wa pembeni. Ukucha ukianza kukwama, kina kinatosha kwa nakshi nyepesi. Kwa kawaida huchukua kati ya dakika 30 na saa 1 na nusu.

    Ikiwa nakshi ni ndogo, mathalani karibu na mpini tu, huna haja ya lita tatu za dawa. Lilaze bapa, jenga ukingo wa nta au wa udongo wa mafuta wa kuchezea watoto kuizunguka nakshi, na umimine dawa ndani kama kidimbwi. Hapo ndipo unyoya unapofanya kazi: mashapo meusi hutua ndani ya mistari na kuizuia dawa isifike kwenye chuma, kwa hiyo pitisha unyoya taratibu kila dakika moja au mbili kuyafagia. Brashi ya nailoni ni ngumu mno kwa kazi hii na hung'oa kingo za kinga. Wachoraji wa bamba za kuchapia picha wamekuwa wakitumia unyoya kwa muda mrefu, na mpaka leo sijaona kitu kinachoushinda.

11. Zima tindikali. Suuza kwa maji mengi, kisha litumbukize bapa kwenye ndoo yenye vijiko 5 vya bekingi soda kwa lita 5 za maji, na uliache dakika 10. Asiyepata bekingi soda anaweza kutumia magadi yaliyoyeyushwa na kuchujwa. Bekingi pauda si kitu kimoja na bekingi soda, kwa sababu ndani yake imekwisha kutiwa kiungo cha tindikali.

12. Kolezea rangi, ukipenda. Kabla ya kuondoa kinga, unaweza kuizamisha nakshi kwenye kahawa ya unga inayoyeyuka, iliyokorogwa nzito kwa maji ya uvuguvugu na kuachwa ipoe, kwa saa kadhaa au usiku kucha. Mistari hutoka myeusi iliyotulia, na rangi hiyo hukaa vizuri zaidi kuliko weusi ulioachwa na dawa, ambao ni masizi tu ya kaboni yanayofutika kwa kidole.

13. Ondoa kinga na umalizie. Rangi ya kucha hutoka kwa asetoni, nta kwa maji ya moto, stika kwa kuivuta taratibu ikiwa ya vuguvugu. Pitisha msasa wa 600 uliozungushiwa ubao, mapito machache tu, ili uso ung'ae na mistari ibaki na giza lake. Ukisugua kwa msasa ulioshikwa na vidole, utazama kwenye mistari na kuzila kingo zake.

14. Lioshe tena na ulitie mafuta. Chumvi za kloraidi hujificha ndani ya mistari na kuleta kutu siku ya pili. Limwagie maji yanayochemka, likauke kwa joto lake lenyewe, kisha lipake mafuta ya cherehani. Kesho yake litazame tena. Kwa wakazi wa pwani, ambako hewa ina chumvi, rudia mafuta kila siku kwa wiki ya kwanza. Sasa ndipo unapoweza kupachika mpini na kunoa.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

*Bapa limetoka na utando mwekundu wa shaba.* Dawa yako ilikwisha kutumika kwenye bodi za saketi au kwenye shaba. Shaba iliyoyeyuka ndani yake hujibandika kwenye chuma mara chuma kinapoingia. Dawa hiyo haifai tena kwa upanga, hata uichuje namna gani. Nunua mpya, iwekee chupa yake, na usiiruhusu shaba wala shaba ya manjano iiguse. Utando uliokwisha kushika husuguliwa kwa msasa.

*Kinga imebanduka katikati ya kazi.* Mafuta yalibaki, au rangi haikukauka ndani. Toa bapa mara moja, lizime kwa bekingi soda, likaushe kabisa, ziba kwa brashi na usubiri saa 2 kabla ya kurudi. Ikiwa kinga inabanduka sehemu nyingi, usipoteze muda kuziba. Ondoa yote na uanze upya kutoka hatua ya 4.

*Mistari mingine imechimbwa na mingine haijaguswa.* Mara nyingi sindano haikufika kwenye chuma, na utando mwembamba wa rangi umebaki ambao jicho haliuoni. Pitia tena mistari hiyo chini ya kioo cha kukuzia. Ikiwa tofauti ni kati ya juu na chini ya bapa, dawa haikukorogwa.

*Sakafu ya mistari ina mashimomashimo.* Dawa ilikuwa nzito au ya moto, au mashapo hayakuondolewa. Shimo la aina hii halizibiki, ila weusi wa kahawa hulificha kwa kiasi.

*Dawa imekuwa ya kijani na kazi inakwenda polepole.* Imechoka. Rangi ya kijani ni dalili kwamba sehemu kubwa imekwisha kugeuka kwa kula chuma. Dakika zikizidi mara mbili ya zile za kipande cha majaribio, ibadilishe.

*Nakshi yote haikupendeza.* Kina cha nakshi nyepesi ni sehemu ndogo sana ya milimita, na upanga wenye unene wa milimita 5 hauoni hasara ukiisugua nakshi yote kwa msasa wa 120 na kurudi mwanzo. Mapanga mawili ninayoyaheshimu sana kati ya yale niliyoyatengeneza yalisuguliwa hivyo, moja mara mbili.

Kuhifadhi na kumwaga dawa

Dawa inayofaa bado irudishe kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko cha plastiki, iandike jina lake kwa herufi kubwa, na uifungie mahali ambapo mtoto hafiki. Isiwe chupa ya soda wala ya maji ya kunywa, kwa sababu rangi yake inafanana na chai ya rangi au soda ya kola na mtu anaweza kuinywa.

Iliyochoka isimwagwe kwenye sinki wala mtaroni, maana itayala mabomba ya chuma na kuumiza viumbe vya majini. Imimine kwenye ndoo pana ya plastiki, ongeza bekingi soda kijiko kimoja kimoja huku ukikoroga kwa kijiti, nayo itatoa povu na kupanda, kwa hiyo usiharakishe na usijaze ndoo zaidi ya theluthi. Povu likikoma hata baada ya kuongeza kijiko kingine, iache siku mbili. Tope la kahawia litazama chini na maji yatabaki juu. Yachuje maji hayo, lianike tope juani kwenye karatasi ya nailoni mpaka likauke, kisha lifunge na ulipeleke pamoja na taka ngumu. Dawa iliyowahi kugusa shaba ikusanye peke yake na umwulize aliyekuuzia namna ya kuitupa, kwa sababu shaba huua samaki hata ikiwa kidogo.